Safari Bila Kuaga

Wako watu wakikutana huzungumza mpira, na wako wanaozungumza siasa. Sisi wanne tunaokutana jioni kwenye kibanda cha fundi simu, karibu na soko la Malindi, tunazungumza hedifoni. Mtu akifika, hata kigoda hajapewa, ataulizwa: masikioni una nini siku hizi, na wasikiliza nini? Wapita njia hudhani tumekosa kazi. Pengine ni kweli.

Majibu ya mwezi huu yalikuwa hivi. Fundi ana Koss Porta Pro, muundo uliotoka mwaka wa 1984 na ambao mpaka leo haujabadilika sana. Alizikuta kwenye furushi la mitumba sponji zimeoza, akazishonea nyingine kwa mkono, na sasa anasikiliza Franco na TPOK Jazz kila siku kana kwamba hakuna muziki mwingine uliowahi kupigwa duniani. Dereva wa tuktuk ana Oraimo zisizo na waya. Oraimo ni mtoto wa Transsion, wale wale wa Tecno, itel na Infinix, kwa hivyo simu yake na sikio lake vyote vina baba mmoja. Yeye ni singeli na bongo fleva, na akitaka kutuudhi zaidi huongeza gengetone. Dada muuza nguo ana iafoni za waya za shilingi 150, anasikiliza Zuhura Swaleh na kaswida, na hachoki kutuambia kwamba sote tumetupa pesa. Mimi nina Sony MDR-7506, zile za studio zenye waya uliojikunja kama wa simu za zamani, zilizoanza kuuzwa 1991, na mwezi huu wote nimekuwa na Zein l'Abdin na udi wake.

Nina pia rekodi moja ya taarabu ya harusi, nakala ya nakala ya kaseti, ambayo fundi alinihamishia kwenye simu. Ukiipiga kwenye spika, unasikia mwimbaji na mvumo wa utepe, basi. Ukivaa hedifoni nzuri, harusi nzima inakuja. Kiti kinaburutwa upande wa kushoto. Mtoto analia mbali, halafu ananyamaza, nadhani amepewa ziwa. Mwanamke anapita karibu sana na kipaza sauti akienda kumtunza mwimbaji, na kabla hajafika anamwambia mwenzake neno ambalo mpaka leo sijalikamata. Nimelirudia labda mara hamsini. Dada muuza nguo anasema anaisema nguo ya bibi harusi. Fundi anasema hapana, anauliza choo kiko wapi.

Naieleza raha hii kwa urefu kwa sababu sitaki mtu afikiri kwamba nayaandika yanayofuata kwa kuchukia hedifoni. Nazipenda. Na anayezipenda ndiye anayepaswa kulijibu swali ambalo limetugawanya pale kibandani tangu mwaka jana.

Ilikuwa wakati wa masika, mtaa wa Maweni, kwenye nyumba ya vyumba minane ya kupangisha, yenye bafu na choo kule nyuma uani. Chumba kimojawapo anakaa mama mmoja wa Kigiriama aliyepita miaka sabini. Nyumba nzima humwita Hawe, yaani bibi, na mimi nitamwita hivyo. Magharibi alikwenda bafuni, sakafu ilikuwa na utelezi, taa haikuwako, akaanguka akavunjika nyonga. Alipiga ukemi. Wapangaji wengine walikuwa hawajarudi, isipokuwa mmoja: kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, anayekaa chumba cha tatu kutoka bafuni. Hatua kumi, labda kumi na mbili. Taa ya chumba chake ilikuwa inawaka na ndara zake zilikuwa mlangoni. Hawe alimwita kwa jina, tena na tena. Alilala pale chini karibu saa nzima, mpaka dereva wetu, ambaye naye anapanga hapo, aliporudi na tuktuk yake.

Kijana alikuwa na hedifoni kichwani, zile zinazoziba kelele. Alitoka aliposikia mlango wake unapigwa teke. “Wallahi sikusikia,” alisema. Na hakuna hata mmoja, hata mimi, hata Hawe mwenyewe akiwa kitandani hospitalini, aliyefikiri kwamba alikuwa anadanganya.

Basi swali ni hili: ukishaaminiwa kwamba hukusikia, mambo yamekwisha?

Barazani, kabla wazee hawajajua habari zote, hukumu ilikuwa kali. Mzee mmoja aliyestaafu uvuvi aliuliza: mtu aliyepewa na Mungu masikio mazima, kisha akajitia uziwi kwa hiari yake, tumwiteje? Kisha ikajulikana kwamba kijana alikuwa kazini. Kazi yake ni kunukuu. Wazungu humtumia mazungumzo yaliyorekodiwa, naye huyaandika neno kwa neno, na analipwa kwa dakika ya sauti, si kwa saa anazokaa. Dakika kumi za sauti mbovu zinaweza kumla jioni nzima. Siku ile alikuwa anamsikiliza daktari mmoja wa Ohio akieleza mambo ya bima. “Mwalimu,” aliniambia baadaye, “neno moja nililirudia mara sita, sikulipata.” Alikuwa anamtafuta kwa sikio mtu aliye ng'ambo ya bahari mbili, na aliye uani hakumpata.

Waliposikia ni kazi, wazee walilainika. “Kazi ni kazi,” walisema. Hapo mimi sikukubaliana nao, wala sikubaliani nao leo. Kama angekuwa anamsikiliza Zuhura Swaleh kwa raha zake tu, nyonga ya Hawe ingekuwa imevunjika zaidi? Tumezoea kufikiri kwamba masikio ya masikini yana ruhusa ya kuzibwa akiwa anatafuta riziki, na hayana akiwa anastarehe. Ama kuyaziba ni kosa, ama si kosa. Mshahara haubadilishi.

Fundi ndiye aliyeleta hoja ambayo wengine hatukuwa nayo, na ilikuwa hoja ya ufundi. Alituuliza kama tunajua jinsi hedifoni za kuziba kelele zinavyofanya kazi. Ndani yake mna vipaza sauti vidogo vinavyopokea mawimbi ya nje. Chombo kinatengeneza mawimbi yaliyo kinyume nayo, na hayo mawili yakikutana yanauana. Amar Bose, mhandisi wa Marekani, alilipata wazo lake akiwa ndani ya ndege mwaka 1978, akitoka Zurich, kwa kuchoshwa na ngurumo ya injini. Na ndicho chombo kinachokiweza mpaka leo: ngurumo. Injini, feni, jenereta, sauti nzito zinazoendelea bila kubadilika. Sauti ya mtu anayepiga kelele ghafla hakiiwezi vizuri. Kwa hivyo, alisema fundi, msiilaumu mashine. Mashine ilimwondolea feni. Kilichomfunika Hawe ni sponji zilizobana sikio, na zaidi ya hapo ni sauti ya yule daktari, ambayo kijana mwenyewe aliipandisha.

Dereva alitetea. Alisema yeye bila kuziba kelele angekuwa kiziwi zamani, kwa sababu ukiwa na iafoni za kawaida ndani ya tuktuk unapandisha sauti ili uishinde injini. Kweli. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na kila desibeli tatu zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa haviti tena. Nilimuuliza mbona anavaa iafoni akiendesha tuktuk. Alinitazama kama aliyeulizwa mbona anapumua. Hilo ni la siku nyingine.

Turudi kwa kijana. Nilijaribu kumlinganisha na watu watatu ambao hakuna anayewalaumu wasiposikia: aliyelala, kiziwi, na aliyesafiri. Mimi mwenyewe siku ile nilikuwa nimesafiri, nilikuwa Kilifi, na hakuna aliyeniuliza mbona sikusikia ukemi, ingawa nakaa nyumba ya pili kutoka pale.

Aliyelala hafanani naye sana, maana sikio la aliyelala halijafungwa. Mama huamka mtoto akikohoa. Ukemi huamsha mtaa. Ndiyo kazi yake. Macho yana kope, sikio halina, na nadhani haikuwa bahati mbaya. Kiziwi naye anajulikana. Watu wa mtaa wake wanajua kwamba huyu ukimtaka humwiti, unamfuata ukamgusa bega. Na msafiri aliaga. Alipita akasema naenda Kilifi, narudi kesho, na chumba chake kina kufuli, na mwenye shida akiliona kufuli anapeleka shida yake kwingine.

Hapo ndipo nilipoona kitu. Hawe aliniambia, bila uchungu wowote, kwamba alipoanguka alifikiria kujiburuta mpaka mlango wa uani unaotokea njiani, ambako watu wanapita. Hakufanya hivyo kwa sababu aliona taa ya kijana. “Nkasema, yupo, nimwite tu.” Pumzi yake yote aliitumia kwa mtu ambaye taa yake ilisema yupo, ndara zake zilisema yupo, na hakuwapo. Kama kijana angekuwa amekwenda Mombasa, Hawe angepata msaada mapema zaidi. Kutokuwepo kwake kusingemdhuru. Kilichomdhuru ni kuwepo kwake nusu.

Lugha yetu, kwa bahati, inalijua jambo hili kuliko sisi. Kwa Kiswahili twasikia kwa sikio, lakini twasikia pia njaa, baridi, harufu na maumivu. Na twamwambia mtoto mkaidi kwamba hasikii, wala hatuna maana kwamba masikio yake ni mabovu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Pale Maweni ilikuwa kinyume, hakusikia mdogo, akavunjika mkubwa. Kisha tukaligeuza neno likawa kusikiliza, na tukaligeuza tena likawa kusikilizana. Ukiuliza habari za majirani wawili ukaambiwa wanasikilizana, hujaambiwa kwamba wanazungumza sana. Umeambiwa kwamba wanaelewana, kwamba sikio la huyu liko tayari kwa yule. Sijui mapatano mengine ya ujirani yaliyo makubwa kuliko hayo, na hatukuyatia sahihi popote.

Dada muuza nguo ana namna yake ya kulisema hili. Anasema siku hizi anawasalimu vijana na salamu inaanguka chini. Kwa Waislamu kuanza salamu ni sunna, kuijibu ni wajibu, lakini huwezi kudaiwa jibu la salamu ambayo hukuisikia. Kwa hivyo deni halipo. Salamu ipo, deni halipo, na yule aliyesalimu anabaki na mkono wake hewani hajui kama amedharauliwa au hakusikika. Mara tatu akifanyiwa hivyo, anaacha kusalimu. Anaweza kuwa anasema kweli. Mimi naona watu walidharauliana vizuri tu hata kabla ya blutuuthi.

Na sasa upande wa pili, ambao wazee wa baraza hawakutaka kuuzungumza.

Nyumba za mawe za zamani, kama zile za Lamu na Mombasa, zilijengwa kwa hatua: barazani mgeni yeyote, dakani mgeni anayejulikana, kisha ukumbi, kisha ndani kabisa ambako huingii ila kwa ruhusa. Kuta nene za matumbawe. Mwenye nyumba alikuwa na mahali pa kuwa na watu na mahali pa kuwa peke yake. Nyumba ya vyumba minane haina hayo. Kuta zake zinaishia kabla ya kufika kwenye mabati, na juu kote ni wazi. Kikohozi cha chumba cha kwanza kinasikika cha nane. Ugomvi wa mke na mume ni wa wote. Ng'ambo ya njia kuna baa, na Ijumaa spika zake zinatetemesha vikombe. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2009; besi haisomi kanuni. Ukitaka ukimya ndani ya mji huu, uwe na shamba, au uwe na ua mkubwa wenye mwarobaini na mlinzi.

Au uwe na hedifoni. Kijana alinunua ukuta. Ni ukuta wa kwanza aliowahi kuumiliki maishani mwake, na aliununua kwa pesa alizozipata kwa kusikiliza watu wengine. Nikimwambia auvue, namwambia nini hasa? Kwamba upweke ni haki ya walio na zege mpaka juu? Baa inapoyalazimisha masikio yangu kusikia, hakuna anayeita mkutano wa baraza. Akiyafunga masikini mmoja, tunamjadili mwaka mzima.

Kwa hivyo nasema hana hatia. Lakini kutokuwa na hatia na kutokuwa na deni ni mambo mawili, na kila mkulima analijua hili. Mbuzi wako akikata kamba akaingia kwenye mahindi ya jirani, wewe hukutuma mtu, hukujua, ulikuwa umelala. Hatia huna. Mahindi utalipa. Kijana hakubishana juu ya hili hata siku moja. Aliuza kipakatalishi chake cha akiba akachangia gharama za hospitali, na asubuhi hupeleka chai kabla ya kuanza kazi. Wapo wanaosema amekubali kosa. Mimi naona amelipa mahindi.

Na mahindi hayo hayakuwa yake peke yake. Mwenye nyumba, ambaye simtaji, aliahidi taa ya bafuni kwa miaka miwili. Sakafu ile ilikuwa imewaangusha watu wawili kabla ya Hawe. Hakuna aliyemwita barazani. Hedifoni ni kitu kipya, kinaonekana, kina taa ya buluu inayowaka. Ni rahisi kukinyooshea kidole. Sakafu yenye utelezi tumeizoea.

Kitu ambacho kijana angeweza kudaiwa, na ambacho kila anayevaa hedifoni anaweza kudaiwa, ni kuaga. Hata waliobuni vyombo hivi walikaribia kulijua. Sony walipotoa Walkman ya kwanza mwaka 1979, iliwekwa matundu mawili ya hedifoni, ili watu wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya chungwa kilichoshusha muziki na kufungua kipaza sauti ili wasemezane. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, aliona si adabu mtu kujifungia na muziki peke yake mbele ya mwenzake. Wanunuzi hawakujali. Matoleo yaliyofuata yaliacha vitu hivyo, na kila mtu akaenda zake. Kabla ya hapo sauti iliyorekodiwa ilikuwa ya mtaa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri zake hazikurudi kwa mtu mmoja mmoja. Gramafoni moja ilikusanya ukumbi mzima.

Sisemi turudi huko. Simpendi Franco kiasi cha kumsikiliza kwa lazima kila jioni kwa sababu fundi anampenda. Nasema tu kwamba anayeondoka huaga, na anayevaa hedifoni ameondoka.

Kijana alilitafutia njia yake mwenyewe, bila kunisikiliza mimi na falsafa zangu. Akianza kazi huning'iniza leso kwenye komeo la mlango wake. Leso ikiwa nje, nyumba nzima inajua hayupo: usimwite, nenda ukaugonge mlango kwa mguu. Watoto wa chumba cha tano wameshaanza kuugonga kwa mchezo. Dereva naye anasema teknolojia imeshalimaliza tatizo, kwamba iafoni mpya zina hali ya kuruhusu sauti ya nje iingie, na akatuonyesha kwa kuigusa mara mbili. Fundi akamuuliza ni nani anayeamua sauti ipi iingie. Wakaendelea hivyo mpaka saa tatu.

Hawe sasa anatembea kwa fimbo. Wiki iliyopita alimwomba kijana amvalishe zile hedifoni, aone ni kitu gani. Kijana alimwekea mwanzele aliyoipata mtandaoni, akidhani atafurahi. Akasikiliza kidogo, akamwambia azime hizo ngoma. Kijana akazima, akidhani hakupenda. Hawe hakuzivua. Ilikuwa Ijumaa, baa ng'ambo ilikuwa imeshaanza, na yeye alikaa kwenye mkeka na hedifoni zisizopiga kitu, macho ameyafumba, kwa muda ambao kijana anasema ulifika nusu saa. Alipozivua aliuliza bei. Akaambiwa 4,500.

“Kuna za bei ya chini?” aliuliza. “Zisizo na nyimbo?”

Ameanza kuweka akiba. Dereva ameapa kwamba hatamruhusu, kwa umri wake na ile nyonga. Kijana anasema atamkatia leso.